Kubeba Masurufu Si Ushamba

Kuna maneno yanayoanza kwa mzaha, yakarudiwa na watu wengi, mwisho yakawa kama sheria. Mojawapo ni hili linalosemwa siku hizi kwamba mtu anayeingia garini na kikapu cha chakula ni mshamba. Nenda Mwembe Tayari asubuhi mabasi yanapopakia, au simama mlangoni pa nyumba yoyote ambapo watu wanatia mizigo garini kwenda harusini, utayasikia: "Mbona mmehamisha jiko zima? Chakula si kipo njiani?" Zamani waliosema hivyo walikuwa vijana waliotaka kuonekana wameendelea. Sasa hata watu wazima, wenye wake na watoto, wameingia katika kundi hilo, na mama wa nyumba anayetaka kufunga mahamri yake hufanya hivyo kwa kujificha kama aliyeiba.

Mimi siafikiani na kauli hiyo hata kidogo. Naona kwamba masurufu ni sehemu ya safari kama yalivyo mafuta ya gari, na msafiri aliyeondoka kwake bila ya masurufu ameondoka hajakamilika. Tena nasema zaidi ya hapo. Katika kikapu kile wazee wetu walitia chakula na pia walitia adabu, yaani haki ya yule aliyeketi kando yako. Tukikiacha kikapu, na adabu ile itakwenda pamoja nacho.

NENO LENYEWE LINATUFUNZA

Neno masurufu limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni matumizi. Kwetu Waswahili neno hilo hilo moja hutumika kwa fedha za safari na kwa chakula cha safari. Hatukuvitenga viwili hivyo. Aliyekuwa na nauli mfukoni lakini hana chakula alihesabiwa kuwa ana nusu ya masurufu, na mzazi alikuwa na haki ya kumzuia asiondoke.

Na wala hili si jambo tulilolizua sisi wenyewe. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanakijua kisa cha Bibi Asma, binti wa Abu Bakr, Mungu awawie radhi. Mwaka 622, Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr walipokuwa wakiondoka Makka kuhamia Madina, yeye ndiye aliyetayarisha chakula chao cha njiani. Alipokosa kamba ya kufungia mfuko alipasua mshipi wake mwenyewe vipande viwili akafungia, na kwa sababu hiyo akaitwa Mwenye Mishipi Miwili mpaka leo. Katika safari kubwa kuliko zote za historia yetu, mfuko wa chakula ulikumbukwa, na aliyeufunga akapata jina la heshima.

Tazama pia kisa cha Nabii Musa katika sura ya Al-Kahf. Yeye na kijana wake walisafiri wakiwa na samaki wao, na walipochoka ndipo Musa akaulizia chakula cha mchana. Na katika sura ya Al-Baqara, aya ya 197, mahujaji wanaamrishwa wachukue masurufu, kisha wakakumbushwa kwamba masurufu bora ni uchamungu. Ibn Abbas ameeleza sababu ya kuteremka aya hiyo: palikuwa na watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija mikono mitupu, wakijisifu kuwa wao wanamtegemea Mungu, na wakifika Makka huwaomba watu chakula. Kwa hiyo yule ndugu yetu anayesema "tutakula huko huko mbele, Mungu mkubwa" ajue kwamba hoja yake ni kongwe, na imekwisha kujibiwa.

NJIA ZETU HAZINA AHADI

Watakuja wenye kusema kwamba hayo yalikuwa mambo ya ngamia na majahazi, na leo tuna lami. Ni kweli tuna lami. Wazee wetu waliokwenda Lamu kwa gari walivuka maji kwa vivuko. Kilifi palikuwa na feri mpaka daraja lilipokamilika mwaka 1991. Garsen nako magari yalivushwa Mto Tana kwa kivuko, na kutoka hapo ni njia ya udongo mpaka Mokowe, ambako mtu hushuka akapanda chombo cha baharini. Mvua ikinyesha, gari lilikwama katika tope la udongo mweusi, na abiria walilala hapo. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akienda Maulidi ya Lamu alifungiwa chakula cha siku mbili, ingawa safari yenyewe haifiki kilomita 400.

Leo madaraja yapo na lami imefika. Lakini je, njia imetoa ahadi? Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 huko Mpeketoni, magari ya njia hiyo yalilazimika kungojana na kwenda kwa msafara wa polisi, na kungojana ni kukaa juani. Mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yalifunika barabara hiyo ya Lamu, na abiria wakakwama upande huu na upande huu. Wala usidhani barabara kuu ya Nairobi ina nafuu kwa kuwa ni kubwa. Mwezi wa Novemba 2015 mvua iliharibu njia ya mchepuko sehemu za Taru, na foleni ya magari ikawa ya makumi ya kilomita. Watu walilala njiani, wengine zaidi ya usiku mmoja, wakiwa na watoto wachanga na wagonjwa. Katika foleni ile tajiri mwenye gari la fahari na maskini wa basi walikuwa sawa. Wote walitafuta maji.

Wahenga walisema msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Maana ya maneno hayo ni kwamba fedha zako hazina nguvu mahali ambapo hapana cha kununua. Mtu anaposema chakula kipo njiani, kwa kweli anasema kwamba gari halitaharibika, mvua haitanyesha, daraja halitakatika, na dereva wa basi atasimama mahali na wakati utakaomfaa yeye. Hayo yote ni mambo asiyoyamiliki.

Na wako ambao hawawezi kungoja. Mzee mwenye ugonjwa wa kisukari aliyekunywa dawa yake alfajiri, akacheleweshwa chakula mpaka saa tisa mchana, anaweza kuishiwa na sukari mwilini akazimia kitini, na abiria wakadhani amelala. Mama mjamzito hawezi kungoja. Mtoto wa miaka 2 hajui nini Voi wala nini Mtito Andei, anajua njaa tu. Watu hawa hawabebi chakula kwa ulafi wala kwa ubahili.

HALALI NA SHAKA

Liko na jambo la dini. Njia ya kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kama kilomita 480, na hoteli zake ni za watu wa kila namna. Zipo za Waislamu, na mwenye kuzijua huteremka hapo akala roho yake ikiwa safi. Lakini basi halisimami unapotaka wewe. Linasimama lilipozoea, na hapo ndipo utamwona Mwislamu amesimama mbele ya sahani za nyama, hajui aliyechinja ni nani, wala karai lile limekaangiwa nini asubuhi. Akiuliza sana ataonekana mtu wa matata, na akila bila kuuliza atakaa na shaka mpaka Athi River.

Sisemi hayo kwa kuwalaumu wenye hoteli. Wao wana wateja wa dini zote, na hawakututuma kwao. Lawama ni yetu sisi, ambao twaijua haja yetu kabla hatujatoka nyumbani, kisha twaenda kuihangaikia barabarani. Mwenye kikapu hana haja ya kumhoji mtu. Akifika Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, atateremka, atatawadha, atasali sala zake za safari, atafungua leso yake akala na watoto wake kivulini, akaendelea.

NINI KIFUNGWE, NA VIPI

Hata hivyo kufunga masurufu ni elimu, na elimu hii inapotea kwa kuwa mabinti hawaoni tena mama zao wakiifanya. Wako wanaobeba vibaya, wakaumwa na tumbo njiani, kisha wakatangaza kwamba chakula cha nyumbani ndicho kibaya. Naona yafaa nieleze kidogo.

Adui wa kwanza ni tui la nazi. Tui halina subira na joto. Mbaazi za nazi, wali wa nazi na samaki wa kupaka ni vyakula vya mezani, si vya garini. Ukivifunga vingali moto na kuvifunika, saa chache baadaye vimechacha. Pilau nayo watu huiamini kwa sababu haina tui, lakini wali uliopikwa, ukakaa vuguvugu mkebeni, huzalisha vijidudu vya kutapisha hata kama harufu yake bado ni nzuri. Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa 2, na kwamba chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za selisiasi na cha baridi chini ya nyuzi 5. Ndani ya gari lililosimama juani hapana nyuzi 5.

Basi busara ni kufunga mabunda matatu. Bunda la kwanza ni la vitu vyenye nyama, samaki au mayai: sambusa, katlesi, kuku aliyekaangwa akakauka, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa. Hili ni la kuliwa mwanzo, kabla jua halijawa kali, na kitakachobaki kisirudishwe kikapuni kwa tamaa. Bunda la pili ni la mikate: mahamri, chapati, mkate wa mayai, na viazi vya kukaanga kwa wavipendao. Hili ni la mchana. Bunda la tatu ni la vitu vikavu ambavyo havijali saa wala joto: visheti, kashata za njugu, kachiri za muhogo, tende, bisikuti. Hili halifunguliwi ila kwa haja. Hilo ndilo bunda la foleni na la daraja lililokatika. Ukifika salama bila ya kulifungua, mshukuru Mungu na uwape watoto wa mwenyeji wako.

Matunda yawe mazima. Chungwa na ndizi vimekwisha kufungwa na Muumba kwa ganda lake, hakuna mkebe ulio bora kuliko huo. Embe tamu, lakini huchafua nguo na viti, na papai lililokatwa halina maisha.

Ama vinywaji, maji ndiyo mfalme. Mimi nakadiria lita 2 kwa kila mtu mzima kwa safari ya kutwa, na galoni moja ya akiba ndani ya gari lisiloguswa kwa uchu. Soda na maji matamu ni ya kufurahisha ulimi, hayakati kiu. Chai ya maziwa huchacha, kwa hiyo beba chai ya rangi, ile strungi, iliyotiwa tangawizi. Itakuchangamsha, na tangawizi huwatuliza wengi wanaochafukwa na roho kwa mwendo wa gari. Mtoto anayekunywa maziwa ya unga abebewe unga mkavu na maji yaliyochemshwa katika chupa ya chai mbalimbali, achanganyiwe pale pale anapotaka kunywa.

Hapa pana jambo ambalo wanaume hatulisemi. Wanawake wengi hawanywi maji safarini makusudi, kwa kuogopa kukosa mahali pa staha pa kujisaidia. Hukaa na kiu kutwa nzima, wakafika kichwa kinawagonga. Hii ni dhuluma tunayoifanya bila ya kujua. Mwenye gari asiyesimama mpaka apende mwenyewe, hata akibeba pipa la maji hajabeba kitu. Apange vituo vyake kabla ya kuondoka, penye msikiti au penye choo safi, na awaambie walio naye.

Dereva naye apewe kidogo kidogo. Ukimshibisha kama bwana harusi atasinzia, na msiba wa usingizi barabarani sote twaujua. Wala asitafune huku mkono mmoja umeshika usukani. Asimame, ale, ashukuru, kisha aendeshe.

HAKI YA JIRANI WA SAFARI

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Abu Said al-Khudri ameeleza, na habari yake imo katika Sahihi Muslim, kwamba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), akawaagiza mwenye mnyama wa ziada amsaidie asiye na mnyama, na mwenye masurufu ya ziada amsaidie asiyekuwa nayo. Wazee wetu walilishika hilo. Mama alipofunga hakuhesabu vinywa vya nyumba yake tu. Alizidisha fungu moja kwa mtu asiyemjua. Ndani ya basi, leso ilipofunguliwa, mkono wa kwanza ulikwenda kwa jirani. "Karibu mwanangu, bismillahi." Na jirani naye alikuwa na chake. Watu walipanda wageni wakashuka ndugu, na ndoa kadhaa za pwani hii zilianza kwa kaimati iliyopokewa garini.

Leo mambo hayo yameingia ila. Wamezuka wezi wanaotia dawa za kulevya ndani ya bisikuti, peremende na vinywaji, wakawapa abiria wenzao, na mtu akazinduka hospitalini hana simu, hana fedha, hana mzigo. Wako waliopoteza maisha kabisa. Vijana wa mitaani huita dawa hizo "mchele". Tazameni hasara yake hata katika lugha: jina la chakula chetu cha heshima limekuwa jina la sumu. Polisi na wenye mabasi wameonya tena na tena kwamba abiria wasipokee chakula kwa mtu wasiyemjua, na onyo hilo ni la haki. Hapana mzazi mwenye akili atakayemwambia mwanawe alipuuze.

Kwa hiyo wengi wameona afadhali kuacha kabisa. Wananong'ona: nikibeba chakula nitashindwa kula peke yangu, na nikimkaribisha jirani ataniona mwizi, basi bora nisibebe. Fikira hii ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi. Mwizi ametuibia mara mbili. Mara ya kwanza aliiba mfuko wa mtu mmoja, na mara ya pili ameiba desturi ya watu wote. Mfuko ulioibwa haurudi, lakini desturi tunaweza kuirudisha.

Njia ipo. Mkaribishe jirani kwa kitu kisichomtaka akuamini. Chungwa zima na kisu akamenya mwenyewe, ndizi yenye ganda lake, chupa ya maji ambayo kifuniko chake hakijavunjwa, vitu hivyo vyaonekana wazi kwamba havijaguswa. Na hata hivyo akikataa, usinune. Mwambie "vyema ndugu yangu, safari njema", ukae na moyo mkunjufu. Zamani kukataa chakula cha mtu kulikuwa ni kumvunjia heshima, lakini leo kukataa ni kujilinda, na mwungwana huelewa. Thawabu ya mwenye kukaribisha haipungui kwa kukataliwa. Nawe ukikaribishwa na usiyemjua, shukuru kwa maneno mazuri, usimkodolee macho kama mshtakiwa, maana wengi wanaokaribisha bado ni watu wema.

Na wala jirani si wa kitini tu. Askari anayelinda kizuizi cha Minjila juani, mtoto anayeuza njugu dirishani, mzee aliyekaa kivulini akingoja gari lisilokuja, wote hao ni majirani wa njia. Katika mwezi wa Ramadhani ndipo jambo hili huonekana vizuri. Msafiri ameruhusiwa kufungua, lakini wako wanaopenda kuendelea na saumu yao, na Magharibi huwakuta kati ya mbuga. Hapo ndipo mwenye pakiti ya tende ambayo haijafunguliwa huwa kama mfalme. Huipasua mbele ya macho ya watu, akaanza kula yeye, kisha akaipitisha kiti kwa kiti. Dini yetu imefunza kwamba anayemfuturisha aliyefunga hupata thawabu kama zake. Ni duka gani la njiani litakalokuuzia thawabu hizo?

MZIGO USIWE WA MTU MMOJA

Nisipowasemea akina mama nitakuwa sikutenda haki. Sehemu moja ya kufa kwa masurufu ni uchovu wao. Mama huamka saa tisa za usiku akakanda, akakaanga, akafunga, akaogesha watoto, ndipo bwana anaamka saa kumi na moja kuuliza "hamjawa tayari bado?" Kisha huyo huyo bwana ndiye wa kwanza kunyoosha mkono kikapuni. Desturi ikisimama juu ya mgongo wa mtu mmoja, siku mgongo huo ukichoka desturi nayo huanguka. Kijana wa kiume anaweza kuchemsha mayai, kujaza maji na kuosha machungwa. Baba anaweza kununua tende na mikate jioni ya kuamkia safari, akapanga mizigo mwenyewe. Kashata na visheti vyaweza kutengenezwa siku mbili kabla. Tukigawana kazi, usiku hautakuwa mfupi kwa mmoja na mrefu kwa mwingine.

Tugawane na kusafisha pia. Ni aibu kubwa kuona Waislamu, watu wa twahara, wakirusha maganda na chupa dirishani. Huko Tsavo nyani wamezoea kukaa kando ya barabara wakingoja vya kutupiwa, na nyani aliyezoea hivyo hugongwa na magari. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na kwa hakika sheria hiyo ilitukuta sisi watu wa pwani tukiwa na jawabu mkononi. Kikapu cha ukili, pakacha la makuti, leso ya kufungia, jani la mgomba la kuzungushia, vitu hivi tulikuwa navyo kabla ya plastiki kuzaliwa. Beba na mfuko mmoja wa takataka, ushuke nao unakoshuka.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili watu wasile hotelini. Mwenye kupenda supu ya njiani na ainywe, nao wauzaji wapate riziki yao. Ninalolitaka ni kwamba asiyebeba asimcheke anayebeba, na mama anayefunga asifunge kwa kujificha. Siku za likizo na harusi zinapokuja, na magari yanapopakia kwenda Lamu, Malindi, Vanga au Nairobi, kikapu kiwekwe mbele ya macho ya watu wote, kando ya mzigo wa nguo. Mfunzeni binti yenu mabunda matatu, mfunzeni na mtoto wenu wa kiume. Na kabla ya kukifunga, tieni machungwa mawili ya ziada. Hayo si yenu, ni ya mtu mtakayekutana naye njiani. Tahadhari ni kabla ya hatari, na kutoa ni moyo. Yote mawili yaenea katika kikapu kimoja.